Uliza Babu wa Boti: Ukimwona Kiboko Anapiga Miayo, Hana Usingizi

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kwa sababu mvua zimekatika na watu wanatafuta pa kwenda. Kwa aliye mgeni wa ukurasa huu: niliendesha boti za watalii kwenye Mto Rufiji na maziwa yake kwa miaka 26, tangu eneo likiitwa Pori la Akiba la Selous mpaka sehemu yake ya kaskazini ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kisha magoti yakagoma, nikarudi Ikwiriri kufuga kuku. Nimechagua barua sita.

*Shikamoo Babu. Mume wangu amepanga kutupeleka Hifadhi ya Nyerere mwezi wa saba, mimi na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine kumi na mitatu. Gari sina shida nalo. Shida ni boti. Shemeji yangu kanitumia video ya kiboko anakimbiza boti hadi maji yanaruka, na kila mtu ananiambia kiboko anaua kuliko simba. Tupande, au mimi na watoto tubaki nchi kavu tumsubiri baba yao?*
*Mama wa Wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Pandeni wote. Aliyekwenda Rufiji akarudi bila kupanda boti ni sawa na aliyealikwa harusi akala nje ya ua. Ila sitakudanganya kwamba shemeji yako kazua.

Mfahamu kwanza mnyama mwenyewe. Ngozi ya kiboko haivumilii jua, ikikauka inapasuka, ndiyo maana mchana kutwa yumo majini. Ule ute mwekundu ambao watu huuita jasho la damu ni mafuta yake ya kujikinga, mwili unajipaka wenyewe. Giza likiingia anapanda ukingoni kula majani, kama kilo 40 kwa usiku, na alfajiri anarudi. Kuogelea hasa haogelei. Anatembea chini ya mto, anakanyaga na kujirusha, anakaa huko dakika tano hivi, kisha anaibuka kupumua. Na kichwani mwake usalama una anwani moja tu, maji ya kina. Wewe ukiwa baina yake na kina chake, hata kama umekuja kwa heri, umemzibia mlango wa nyumba.

Hilo nililijifunza vibaya. Mwaka 1997, nikiwa na miaka mitatu kazini na kiburi cha miaka thelathini, nilikuwa narudisha wageni wanne kambini kutoka Ziwa Tagalala. Ilikuwa Oktoba, maji yamepungua, jua linazama, nami nataka kuwahi. Mbele yangu kulikuwa na fungu la mchanga. Kushoto kwake mkondo mwembamba, kulia njia ndefu ya kuzunguka. Nikapita kushoto. Dume aliyelala nyuma ya matete sikumwona, maana macho yangu yalikuwa kwenye jua. Aliposikia injini akashuka mbio kwenda kwenye kina chake, na aliyekuwa juu ya kina hicho ni mimi. Boti iliinuka nyuma kama kitanda kinachobebwa na watu wawili, ikarudi chini kwa kishindo, benchi moja likapasuka na kamera ya mgeni ikaenda mtoni, iko huko hadi leo. Hakuna aliyeumia. Usiku ule wageni walisimuliana habari za kiboko mkali. Mimi nilikaa jikoni na wapishi, chai ikapoa mkononi. Nilimjua aliyekosa.

Kwa hiyo ukifika gatini, mtazame nahodha kabla hujautazama mto. Nahodha mzuri hupunguza mwendo kabla ya kona. Hupita upande wa maji mafupi, kina akawaachia wenyewe. Kwenye maji ya giza hugonga ubavu wa boti kwa kiganja, ko ko ko, ili walio chini waibuke awahesabu. Kundi analijua lina vichwa kumi na kimoja. Akiona kumi, hasogei mpaka wa kumi na moja apumue. Ukiona anashindana na boti nyingine ili wageni wake wapate picha ya karibu, mwambie apunguze, na usione haya. Umelipa.

Na dume akipanua mdomo mpaka unaona magego, usiwaambie watoto "jamani ana usingizi." Ile miayo ni panga analolitoa alani mlione. Hapo mnarudi nyuma taratibu.

Watoto wavae jaketi okozi linalowatosha, maana la mtu mzima humponyoka mtoto kichwani. Mikono ibaki ndani ya boti, na mamba akionekana wasikimbilie wote upande mmoja. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni Mbagala. Mbung'o wanazipenda mno rangi hizo, hata mitego ya kuwanasia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Chukueni safari ya saa kumi alasiri. Joto limeshuka, tembo wanakuja kunywa, na mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, iliyosimama ndani ya ziwa inaanza kuweka kivuli kirefu juu ya maji. Mume wako atataka kupiga picha hiyo, mpishe.

*Babu shikamoo. Mimi nasoma darasa la tano. Mwalimu alituambia upande wa kusini wa Rufiji twiga hakuna, na upande wa kaskazini wapo. Kwani hawawezi kuvuka?*
*Mwanafunzi, Kisaki*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako kasema kweli. Mwili wa twiga umetengenezwa kwa ajili ya miti, mtoni unamtesa. Ana miguu mirefu myembamba na shingo nzito, akiingia maji ya kina anakuwa kama mtu aliyebeba ngazi kichwani kwenye mawimbi. Tembo yeye anaingia, anazama mpaka mgongo, mkonga ameunyoosha juu anapumulia, huyo anakwenda zake. Siku ukiwaona wanavuka, mtafute mtoto wao. Mama huwa anamweka upande wa juu wa mkondo au ubavuni kwake asichukuliwe na maji.

*Mzee wetu, heshima kwako. Nafundisha Jiografia shule ya sekondari Mkuranga. Tuna wanafunzi 50 na Kosta mbili, na likizo fupi tunayo Aprili. Tunataka kwenda na kurudi siku moja. Unatushauri nini, na tuwaonyeshe nini kinachohusu somo?*
*Mwalimu, Mkuranga*

Mwalimu, Aprili hapana. Lami mtaifurahia hadi Kibiti, kisha mnaanza barabara ya vumbi kwenda Mloka na geti la Mtemere, na mwezi huo vumbi limekuwa tope. Ndani ya hifadhi ndiyo usiseme, udongo ule mweusi unashika gurudumu kama ugali wa moto. Kambi nyingi hufunga wakati wa masika. Subirini likizo ya Juni. Na siku moja haitoshi. Mtafika mmechoka, mtaona swala wawili na mgongo wa dereva. Laleni Mloka usiku mmoja, mwingie getini asubuhi na mapema.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa pesa taslimu, hufanywa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki. Shughulikeni mapema na muwe na barua ya shule, na walimu wachukue vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Mifuko ya plastiki mnajua imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, msije mkaaibika getini na karanga zenu.

Kuhusu somo, mna bahati. Rufiji huzaliwa pale Kilombero inapokutana na Luwegu, Ruaha Mkuu inajiunga baadaye, kisha maji yote hayo yanabanwa katika korongo ambalo ramani za zamani zililiita kwa jina la Mjerumani Stiegler, aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Hapo ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Chini ya korongo mto unatanuka, unatangatanga, unaacha mikono yake ya zamani, na mikono hiyo ndiyo maziwa tunayotembezea wageni: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Maziwa haya yalikuwa yakinywa mafuriko ya masika. Mto ukifurika yanajaa, samaki wanaingia kuzaliana, na kiangazi yanapungua, wanyama wanajikusanya kandokando. Kwa hiyo wape wanafunzi kazi hii: watazame mashina ya mivumo iliyo majini, watafute alama za maji ya miaka iliyopita, wapime kwa macho alama zilivyopishana. Kisha waulize, mto ukishikwa lango, nani anayeamua ziwa linywe lini? Wazazi wao waliopoteza mashamba katika mafuriko ya Aprili 2024, hapo Rufiji na Kibiti, watakuwa na maoni pia. Wawahoji.

Mwalimu wa Historia akiomba kiti, mpeni. Huko Beho Beho lipo kaburi la Frederick Selous, yule mwindaji wa Kiingereza, aliyepigwa risasi na Wajerumani Januari 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Pori likachukua jina lake kwa miaka mingi. Mimi nilipeleka wageni wengi wakapiga picha kaburini, na mara nyingi nilijiuliza wapagazi waliokufa katika vita ile ile wamelala chini ya miti gani.

*Babu, nisikilize. Nimetoka Dodoma na wenzangu watatu, tumelipa gari, tumelipa malazi, siku mbili nzima, hakuna simba! Chui hakuna. Mbwa mwitu ambao mnajisifia hawapo. Tumeona swala na viboko tu. Huu si utapeli?*
*Aliyeliwa Pesa, Dodoma*

Pole bwana. Simba hana mkataba na mtu. Nami nina swali dogo kwako: katika siku hizo mbili, injini ya gari lenu ilizimwa mara ngapi?

Najua jibu. Watu wanne wakikodi gari wanaona kila dakika ya kusimama ni pesa inayodondoka. Basi dereva anakimbia, vumbi nyuma, kichwa kinazunguka kama feni. Mbwa mwitu, ambao kweli eneo hili ni moja ya ngome zao kubwa Afrika, wanalala mchana kutwa kivulini, masikio tu ndiyo yanachezacheza juu ya majani. Ukipita mwendo wa kasi utaona majani. Wanaamka alfajiri na jioni, wanasalimiana kwa kelele kama watoto waliofunguliwa shule, kisha wanaondoka kwa mstari. Kuwaona unatakiwa uwe umekaa.

Mimi nilipenda kuzima injini nikaacha mto ubebe boti. Dakika tano za kwanza wageni wanakohoa, wanafungua chupa, wanaulizana saa. Dakika ya kumi wanaanza kuona. Ule ukingo wa udongo uliowapita mkaona ni ukuta una matundu mia kadhaa, na kila tundu ni mlango wa keremkerem, yule ndege mla nyuki. Wanachimba kwa mdomo, wanatupa udongo nje kwa miguu, handaki linaingia ndani karibu urefu wa mkono wako. Furukombe analia juu ya mvumo, mwenzake anajibu ng'ambo. Na lile gogo uliloliona mchangani, mdomo wazi, halikuwa gogo, na wala mdomo hakuufungua ili akuogopeshe. Anapunguza joto, jasho hana.

Kwa habari ya mamba ungenivumilia kidogo, maana huyu watu hawamtendei haki. Jike huchimba shimo mchangani kiangazi, hutaga mayai 40, hata 60, huyafukia na kukaa jirani miezi mitatu hivi, chakula hakishughulikii sana. Kenge wakisogea anawafukuza. Watoto wakikaribia kutoka wanalia wakiwa bado ndani ya yai, sauti kama kifaranga kilichofunikwa na beseni. Mama anafukua, anawabeba kwa mdomo ule ule uliovunja mfupa wa nyati, anawashusha majini mmoja mmoja. Na kama atakuwa dume au jike haikuamuliwa tumboni. Joto la mchanga ndilo linaloamua: likiwa la kati wengi ni madume, likipungua au likizidi wanatoka majike. Niliwahi kuona wageni wa Kijerumani wawili, mzee na mkewe, wamekaa saa mbili wanamtazama jike mmoja akifukua. Hawakuuliza simba. Mzee alitoa kofia.

Pesa yako siwezi kukurudishia. Ukienda tena, nenda Septemba au Oktoba maziwa yakiwa yamepungua, kodi boti nusu siku, na mpe dereva ruhusa ya kusimama. Na mkiandamana na askari mwenye bunduki kwa matembezi ya miguu asubuhi, fanyeni. Mtamwona akitikisa kifuko cha majivu kuangalia upepo unaelekea wapi, na hapo ghafla hata kinyesi cha tembo kitakuwa na maana kwako.

*Je, kuna sehemu ya kuogelea? Mto unaonekana msafi.*
*Kijana wa Kinondoni*

Hapana. Mamba, kiboko, na kichocho. Bahari unayo mlangoni kwako.

*Babu, mimi nakusoma kila mwezi, lakini unaandika kama wanyama ni wa wageni tu. Sisi tunalima kando ya mto. Tembo wamekula mahindi yangu mwaka jana, nguruwe pori wanamaliza mpunga, mama mdogo aliliwa na mamba akichota maji. Simba mwaka huu kaonekana mara mbili. Tunalala kwenye madungu kulinda mazao na watoto tunao. Utatuambia nini sisi?*
*Mkulima, Rufiji*

Dada yangu, pole sana kwa mama mdogo. Maneno yako ni ya haki, nimeyasoma mara tatu.

Mimi nilikuwepo miaka ile ya 2002 hadi 2004, simba alipokuwa akichukua watu katika vijiji vyetu. Waliokufa ni zaidi ya thelathini. Alipouawa alikutwa na jipu kwenye jino. Tulilala watu kumi chumba kimoja na mlango tumeuegemeza kinu. Kwa hiyo nikikupa ushauri, usiuchukue kama wa mtu wa boti.

Simba wa huku kwetu mara nyingi anamfuata nguruwe pori. Nguruwe anafuata mpunga na mahindi, simba anafuata nguruwe, na katikati ya shamba kuna dungu lenye mtu aliyelala. Ukipunguza nguruwe umepunguza simba. Mkubaliane wenye mashamba yanayopakana mlinde kwa zamu na mfyeke vichaka vilivyobaki katikati, maana ndimo nguruwe wanamoshinda mchana. Dungu liwe juu hasa, nguzo ndefu, ngazi unaivuta juu ukishapanda, na pande zote liwe na ukuta. Kijidungu cha mita moja na nusu ni meza tu. Watoto, kama kuna bibi au shangazi kijijini, walale huko. Kuweni waangalifu zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza. Kwenye mbalamwezi simba anakosa mawindo, usiku ukirudi na giza ana njaa. Wataalamu walipochunguza matukio ya nchini kwetu, walikuta mashambulizi yanaongezeka siku hizo hizo. Saa za baada ya magharibi ndizo mbaya, hata kwa kwenda chooni.

Tembo ni hadithi ndefu. Katikati ya miaka ya sabini walihesabiwa zaidi ya laki moja katika eneo hili, na mwaka 2013 walibaki kama 13,000 kwa sababu ya majangili. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliweka pori kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wazee wa tembo waliojua njia za zamani waliuawa. Hayo hayakurudishii mahindi, najua. Zungusheni kamba shambani zilizopakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu, mzipake upya kila mvua ikinyesha. Mizinga ya nyuki nayo inasaidia, na asali mtauza. Ngoma na madebe peke yake tembo huyazoea kwa wiki mbili.

Kuchota maji: msichote mahali pamoja saa ile ile kila siku. Mamba anakariri ratiba kuliko karani. Tumieni kata yenye mpini mrefu ili mtu abaki juu ya ukingo, na kijiji kisimike uzio wa magogo majini pale mnapochotea, mkague kila wiki kama kuna pengo. Kisima ndilo jibu lenyewe, na diwani aulizwe hilo kwenye mkutano, kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa haki yako. Kwa mazao yaliyoliwa na wanyamapori serikali hutoa kifuta jasho, na kwa aliyeuawa au kujeruhiwa hutoa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakwambia kwamba si fidia, na kwa maoni yangu ni kidogo mno na kinachelewa mno, lakini usiache kudai. Toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo, kabla alama za nyayo hazijafutika. Piga picha kwa simu. Mtendaji aandike, afisa wanyamapori wa wilaya aje aone shamba mwenyewe, na wewe ubaki na nakala. Ya mama mdogo, kama hamkuandikisha wakati ule, niambie ilikuwa mwezi gani na nani alishuhudia. Mimi Jumanne huwa napita ofisi za wilaya kwa habari ya pensheni yangu. Tutakwenda pamoja.